Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Janga la Korona na Mahitaji ya Huduma kwa Watoto Walio Hatarini, Malindi

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi, walimu, maalimu wa madrasa, wazee wa mitaa na wahudumu wa kujitolea wa Malindi na vitongoji vyake. Wengi wao bado hutuuliza imekuwaje watoto wanaohitaji msaada wakawa wengi kiasi hiki ilhali korona yenyewe imepita. Tumekusanya maswali yanayorudi mara nyingi zaidi, na tumeyajibu kwa jinsi tulivyoyaona mambo katika kazi yetu na familia za hapa. Hatukutaja jina la mtoto yeyote wala jambo linaloweza kumtambulisha.

Ni mtoto yupi anayehesabiwa kuwa yuko hatarini?

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inamtazama kwa upana mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi: aliyefiwa na wazazi au kutelekezwa, aliye na mzazi gerezani, anayeombaomba, anayenyimwa nafasi ya kusoma, anayefanyishwa kazi za kumdhuru, anayedhulumiwa au aliye katika hatari ya kuozwa. Kabla ya mwaka 2020 mtu aliyeifahamu Malindi angeweza kukisia watoto hao wengi wao wanaishi wapi. Janga liliongeza kundi ambalo ofisi za watoto hazikulizoea, nalo ni la mtoto wa mhudumu wa hoteli, wa dereva wa tuktuk au wa fundi cherehani, ambaye hadi Februari 2020 alikuwa akilipiwa karo na kula milo yake bila msaada wa mtu yeyote.

Je, mahitaji yaliongezeka kweli, au ni watu tu walioanza kuripoti zaidi?

Yaliongezeka, lakini hayakuongezeka kwa mstari mmoja ulionyooka, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea wanaposoma takwimu za mwaka ule. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule, tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, na tarehe 8 Aprili usafiri wa kuingia na kutoka Kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, ukapigwa marufuku pamoja na wa Kwale na Mombasa. Katika majuma hayo ya mwanzo, kesi za watoto zilizofikishwa ofisini na kwa wazee wa mitaa zilipungua. Kuna waliofurahi, wakasema kwamba familia kukaa pamoja nyumbani kumeleta utulivu.

Sisi hatukuuona utulivu huo. Kwa kawaida anayegundua kwanza kwamba mtoto ana alama za kipigo, au amekonda, au ameanza kujitenga na wenzake, ni mwalimu. Mwalimu asipogundua, hugundua maalimu wa madrasa, au mama anayeuza viazi karai nje ya lango la shule. Wote hao waliondolewa katika maisha ya mtoto ndani ya juma moja, naye akabaki ndani ya nyumba na watu wazima walio wenye hofu na wasio na kazi, na pengine mmoja wao ndiye aliyekuwa akimdhulumu. Jirani aliyesikia kilio usiku hakuweza kutoka kwa sababu ya kafyu. Mama aliyetaka kumpeleka binti hospitalini alihofia askari njiani na maambukizi wodini. Kesi zilikuwapo, ila hazikuwa na njia ya kutoka.

Zilianza kutoka kaunti ilipofunguliwa tarehe 7 Juni 2020, na zikazidi shule zilipofunguliwa. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba 2020, na waliosalia wakarudi tarehe 4 Januari 2021, baada ya zaidi ya miezi tisa. Januari ile ndiyo iliyotuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe, kwa kuwa walimu waliita majina na baadhi ya majina hayakuitikiwa. Anayelinganisha idadi ya kesi za Aprili na za Januari anapima ufunguzi wa milango zaidi kuliko anavyopima kuongezeka kwa dhuluma, na tunaomba wanaopanga bajeti walikumbuke hilo.

Kwa nini Malindi iliumia kwa namna yake?

Kwa sababu ya utalii, na hasa utalii wa Waitaliano. Italia ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kulemewa na ugonjwa huu, kwa hiyo wageni walikoma kuja Malindi na Watamu hata kabla Kenya haijafunga anga zake. Ndege za kimataifa hazikuruhusiwa tena hadi tarehe 1 Agosti 2020. Pasaka ya mwaka ule, ambayo kwa kawaida huwapa wafanyakazi wa hoteli akiba ya kuwavusha katika miezi ya uhaba wa wageni ya Mei na Juni, ilipita hoteli zikiwa zimefungwa.

Mshahara wa hoteli haukuwa wa mtu mmoja hapa kwetu. Mpishi mmoja wa Watamu aliweza kuwa analipia karo watoto wake wawili, mpwa wake aliyeko Ganda na mdogo wake wa sekondari, na pia kununua dawa za mama yake. Alipopewa likizo isiyo na malipo, kaya tatu au nne zilitetereka kwa pamoja. Waliokuwa wakiuza vinyago na safari za baharini ufuoni hawakuwa hata na barua ya likizo ya kuonyesha. Wavuvi nao waliendelea kupata samaki, lakini hoteli zilizokuwa zikinunua kamba na changu kwa bei nzuri zilifungwa, na kafyu ikavuruga uvuvi wa usiku.

Wapo walioamini kwamba kutokuja kwa wageni kungewaokoa angalau watoto wanaotumiwa katika biashara ya ngono. Utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walihusishwa katika biashara hiyo Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani, na ulionyesha kwamba wateja wengi kuliko wa taifa lingine lolote walikuwa Wakenya. Kwa hiyo mgeni alipoondoka, hatari haikuondoka naye. Ilihamia mtaani, ikawa ya bei ya chini zaidi na ya siri zaidi.

Ni nini kilichowapata wasichana?

Kilifi ilikuwa ikitajwa kwa mimba za utotoni miaka mingi kabla ya korona, na disko matanga, yaani ngoma za usiku kwenye matanga, zimelaumiwa kwa muda mrefu. Mikusanyiko ilipopigwa marufuku disko hizo zilipungua, lakini mimba hazikukoma, jambo linaloonyesha kwamba tulikuwa tukilaumu muziki kupita kiasi na kuusahau umaskini. Wasichana waliofika kwetu baadaye walieleza mambo yanayofanana: unga umekwisha nyumbani, mama amesema kila mtu ajitafutie, mwanamume wa bodaboda au mwenye duka akatoa shilingi mia mbili, kisha mia mbili nyingine. Wengine walihitaji sodo tu, ambazo shule ilikuwa ikiwapa bure na sasa shule imefungwa.

Kesi nyingi za aina hii zilimhusu mtu aliyejulikana na familia, na ndiyo sababu nyingi zilimalizwa nyumbani. Wazee huketi, mbuzi na kiasi cha fedha vikakubaliwa, na pengine binti akaozwa kwa mtu aliyemharibu. Tunaandika haya bila kuuma maneno: chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kukubali tendo la ngono, na hakuna mzee wala mzazi mwenye mamlaka ya kuisamehe kesi hiyo kwa niaba yake.

Kuhusu takwimu za mimba zilizozua mjadala katikati ya mwaka 2020, ifahamike kwamba takwimu za vituo vya afya huwahesabu kwa pamoja walio na umri wa miaka 10 hadi 19, kwa hiyo ndani yake wamo wanawake wa miaka 18 na 19, baadhi yao wakiwa katika ndoa halali. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii ulionyesha kwamba wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kushika mimba walikuwa asilimia 18 mwaka 2014 na asilimia 15 mwaka 2022. Kushuka huko kwa taifa zima hakumfuti msichana wa Malindi aliyebeba mimba Juni 2020. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unamruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua, na mwalimu mkuu hana haki ya kumkataa.

Na wavulana?

Wavulana walisahauliwa, na hatuoni kwamba wamekumbukwa ipasavyo hadi sasa. Mvulana aliyeacha shule mwaka 2020 hakuonekana kuwa tatizo kwa sababu alikuwa analeta hela nyumbani. Alibeba abiria kwa bodaboda ya kukodi, alivunja mawe machimboni, aliingia baharini na wavuvi kutoka Ngomeni, au alifanya vibarua kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni na Marereni. Shule zilipofunguliwa, kumrudisha darasani kulimaanisha kuinyima kaya chakula cha jioni. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani na UNICEF ya Juni 2021 ilikadiria watoto milioni 160 duniani walikuwa katika ajira ya watoto mwanzoni mwa 2020, ikaonya kwamba wengine milioni 9 wangeweza kuongezeka kufikia mwisho wa 2022 kwa sababu ya janga. Wapo pia wavulana waliolawitiwa. Hao hunyamaza kuliko wasichana, na huduma nyingi zimepangwa kana kwamba hawapo.

Ni kweli kwamba makao ya watoto yalifungwa?

Mwezi Machi 2020 serikali iliagiza makao yawarudishe watoto kwa familia zao pale ilipowezekana, ili kupunguza msongamano. Nia ilikuwa njema, na sisi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba mahali pa mtoto ni katika familia. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unaelekea huko huko. Lakini kazi ya kumrudisha mtoto nyumbani, ambayo huhitaji miezi ya kuitembelea familia, kuipima na kuiandaa, ilifanywa kwa siku chache.

Tunamkumbuka nyanya mmoja wa upande wa Ganda aliyefika kutafuta msaada akiwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na kadi mbili za kliniki, nakala ya cheti cha kifo cha binti yake na barua ya chifu iliyokunjwa hadi ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Wajukuu wawili walikuwa wamerudishwa kwake kutoka makao, wakiwakuta wengine watatu ambao tayari walikuwa wakilala kwenye mkeka mmoja. Hakulalamika kuletewa wajukuu. Alichouliza ni nani atakayemwambia iwapo yule mdogo anatumia dawa, kwa kuwa walioleta watoto hawakuacha karatasi yoyote.

Je, misaada ya fedha iliyotolewa haikutosha?

Ilisaidia, na wanaosema haikuwafikia watu kabisa hawasemi kweli. Mpango wa fedha kwa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004 na sasa uko chini ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa misaada ya fedha, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Mwaka 2020 serikali iliongeza malipo ya muda ya shilingi 1,000 kwa juma kwa baadhi ya kaya maskini, yakitumwa kwa simu. Tatizo lilikuwa orodha. Kaya iliyoandikishwa zamani ilipata, lakini kaya ya yule mpishi wa hoteli haikuwamo katika orodha yoyote ya maskini, kwa sababu hadi mwezi mmoja kabla yake haikuwa maskini. Kaya isiyo na simu au kitambulisho ilibaki nje, na hizo ndizo kaya zinazolea watoto wengi wasio na vyeti vya kuzaliwa.

Misikiti na makanisa, ambayo kwa kawaida huziba pengo kama hilo, nayo yalikuwa yamefungwa. Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, na futari za pamoja zilizokuwa zikiwalisha watoto wengi wa mitaani hazikuwapo. Baadhi ya waumini walipeleka vyakula mlango kwa mlango, na watu hao wanastahili shukrani kubwa kuliko walizopewa.

Je, kuna mayatima wa korona Malindi?

Wapo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2021 ulikadiria kwamba, hadi mwisho wa Aprili mwaka huo, watoto wapatao milioni 1.5 duniani walikuwa wamempoteza mzazi, au babu au nyanya aliyekuwa akiwalea au kuishi nao. Tunausisitiza huo upande wa babu na nyanya. Ugonjwa huu uliwaua wazee zaidi, na kwetu wazee ndio walezi wa watoto ambao wazazi wao wamekufa, wametengana au wamekwenda kutafuta kazi Mombasa na Uarabuni. Mtoto aliyempoteza nyanya aliyemlea tangu akiwa na mwaka mmoja haandikwi popote kuwa yatima ikiwa mama yake yu hai mahali fulani. Huyo huwa hana mtu, na pia hana karatasi ya kuthibitisha kwamba hana mtu.

Mbona mahitaji hayajashuka, ilhali kafyu iliondolewa Oktoba 2021?

Kwa sababu Malindi haikupewa nafasi ya kupumua. Ukame uliotangazwa kuwa janga la kitaifa Septemba 2021 uliziumiza kaunti ndogo za Magarini na Ganze kwa misimu kadhaa mfululizo ya kukosa mvua. Mwaka 2023 yakafukuliwa makaburi ya msitu wa Shakahola, ya wafuasi wa mhubiri mmoja walioambiwa wafunge hadi kufa, ikapatikana miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto, na watoto walionusurika wakahitaji matunzo ya aina ambayo eneo hili halikuwahi kuyatoa. Mwishoni mwa mwaka huo huo mafuriko yakafuata.

Fedha nazo zilipungua wakati kazi inaongezeka. Uingereza ilipunguza msaada wake wa nje kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa mwaka 2021, na Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, ambayo ilikuwa ikilipia sehemu kubwa ya kazi za mayatima na za watoto wanaoishi na virusi vya Ukimwi nchini. Kwa hiyo mtu anayetuuliza mbona foleni ni ndefu, jibu la haki ni kwamba watoto wameongezeka na viti vya wahudumu vimepungua kwa wakati mmoja. Hatuoni busara ya kuendelea kuiita hali hii ya dharura na kuipangia fedha za miezi sita sita.

Nikigundua kwamba mtoto amedhulumiwa kingono, nifanye nini kwanza?

Mpeleke hospitali ya serikali, hata kabla ya kwenda polisi ikiwa polisi ni mbali. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi ni lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Usimwogeshe. Nguo alizovaa zitie katika mfuko wa karatasi, wala si wa plastiki, kwa sababu plastiki huhifadhi unyevu unaoharibu ushahidi. Mhudumu wa afya atajaza fomu maalumu ya matibabu baada ya kubakwa, na fomu ya P3, ambayo daktari huandika humo majeraha kwa ajili ya kesi, utaipata polisi, kwenye dawati la jinsia. Usimhoji mtoto mara nyingi, na usimwite mzee wa mtaa aje amsikilize mbele ya watu. Mwambie tu kwamba hakukosea.

Namba 116 ni ya kusaidia watoto, hupigwa bure na hupokewa usiku na mchana. Namba 1195, nayo bure, ni ya dhuluma za kijinsia. Wakati wa janga namba hizi zilikuwa msaada mkubwa, ingawa mtoto anayetumia simu ya baba, mbele ya baba, hakuweza kuzipiga. Ndiyo sababu tunawaomba majirani wapige wao.

Kijana aliyeacha shule mwaka 2020 na sasa ameshapita miaka 18, bado anaweza kusaidiwa?

Swali hili tunaulizwa zaidi kila mwaka unapopita, na wanaouliza mara nyingi ni akina mama wachanga wenye mtoto mgongoni. Kisheria ameshatoka katika mikono ya afisa wa watoto, lakini mahakama inaweza kuongeza muda wa wajibu wa mzazi baada ya miaka 18 pale hali ya kijana inapohitaji hivyo, kwa mfano akiwa na ulemavu. Kwa wengine, njia zilizo wazi ni madarasa ya elimu ya watu wazima na vyuo vya ufundi vya kaunti, ambako mtu anaweza kujifunza ushonaji, umeme au useremala, na basari ya wadi inaweza kuombwa kwa ajili ya masomo hayo. Aje na kitambulisho ikiwa anacho, na kama hana, aje na cheti cha kuzaliwa au barua ya chifu, kwa sababu mara nyingi kazi ya kwanza huwa ni hiyo ya karatasi. Mtoto wake naye aje. Huyo bado yuko chini ya sheria ya watoto, na ana haki ya kuandikishwa siku hiyo hiyo.